Mdogo wangu wa Liège anataka tuongeze hisa za kiwanda cha paneli, na kina mama wa likelemba wameshasikia

BARUA

Yaya mpendwa,

Ninakuandikia kutoka Lubumbashi, upande wa Katuba. Nina duka la vitu vya sola: paneli, betri, inveta, nyaya, taa. Jina langu usiliweke, maana wateja wangu wanasoma safu hii, na baadhi yao tuko nao kwenye likelemba moja, yaani mchango wa pesa wa kupokezana kwa zamu.

Nianze na duka, ndipo utanielewa. Nilianza na taa ndogo za kuchaji, zile za wanafunzi. Siku hizi, kwa jinsi umeme wa SNEL, shirika la umeme la serikali, unavyokatika, mtu anakuja na picha ya paa lake kwenye simu, ananiuliza paneli ngapi zitatosha friji isizime usiku. Wanakuja wenye saluni, wenye mashine za kusaga, wenye friza za samaki wa Kasenga, wachungaji. Kila paneli naitoa barazani, naielekeza juani, naweka multimeta mbele ya mteja ili aone mwenyewe volti na ampea, maana ziko paneli zimebandikwa karatasi ya wati 400 na hata 250 hazifiki. Mzigo ukivuka mpaka wa Kasumbalesa haumalizi wiki dukani. Na bei imeshuka mno. Paneli ambayo zamani ilinunuliwa na mwenye gari, leo fundi cherehani anaondoka nayo juu ya pikipiki. Basi mtu akiniambia jua ni biashara ya kesho, namwambia ni ya leo, naiona mlangoni kwangu.

Mdogo wangu anaishi Liège, Ubelgiji. Mchana yuko ghalani anapanga mizigo, usiku anafuatilia hisa. Mwezi wa nne mwaka 2025 aliniambia kuna kiwanda cha paneli cha Marekani, First Solar, hisa zake zimeanguka na ni wakati wa kuingia. Nilimtumia dola 1,500. Alinunua kwenye akaunti yake, kwa jina lake, kwa kuwa huku kwetu hakuna soko la hisa ambako ningeweza kununua mwenyewe. Mwisho wa mwaka zile 1,500 zilikuwa zimepita 2,500. Yaya, mimi nabeba betri, nabishana na watu wa forodha, nakopesha na kusubiri, na sijawahi kupata faida kama hiyo nikiwa nimelala.

Sasa kila usiku ananitumia sauti kwenye WhatsApp. Anasema kiwanda hicho kimeshauza paneli za miaka mbele hata kabla ya kuzitengeneza. Anasema kimefungua viwanda Alabama na Louisiana, na serikali ya Marekani inakilipa kwa kila wati kinachotoa, huku paneli za Wachina zinazuiliwa kwa ushuru. Anasema zile kompyuta kubwa za akili mnemba zinakula umeme kuliko miji, na umeme huo lazima utoke mahali. Halafu kuna lile analolipenda zaidi: paneli za First Solar hazitumii silikoni kama paneli za kawaida, zinatumia madini yanayoitwa teluriamu, na teluriamu inatoka kwenye shaba. «Yaya, ninyi mnakaa juu ya shaba, mnaogopa nini?» Kwenye kundi lao wako wanaosema hisa itakuwa mara mbili ifikapo 2030, wengine mara tatu. Anataka nimtumie dola 8,000 kabla kampuni haijatoa hesabu zake za robo mwaka, kwa sababu zikitoka nzuri bei itaruka. Hizo 8,000 ni zaidi ya nusu ya mtaji wangu.

Lakini hilo si lote. Mimi ndiye ninayeshika pesa ya likelemba yetu, tuko kina mama wauzaji. Siku moja nilifungua mdomo nikawaonyesha kwenye simu zile 1,500 zilivyokua. Niliona ni kama kushirikiana habari njema. Sasa watano wananifuata. Mmoja anauza vitenge, anataka zamu yake ikifika nisimpe mkononi, niitume Ubelgiji moja kwa moja. Mwingine ana pesa ya kumalizia nyumba Kalebuka. Jumla wanataka kuweka dola 6,000, zote kupitia kwangu. Wanasema, «Mama, sisi hatumjui mdogo wako, tunakujua wewe.»

Bwana yangu anafanya kazi mgodini Kolwezi, anarudi mwisho wa mwezi. Nilipomwambia habari ya 8,000 alisema hapana, akaongeza: «Ukoo wenu mnapenda pesa ya mara moja.» Alikuwa anamsema Papa. Papa alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, akaondoka na ile «départ volontaire», kuacha kazi kwa hiari, akanunua basi dogo la kubeba abiria, likamfia kwenye barabara ya Likasi. Tulikula mboga za majani kwa muda mrefu baada ya hapo. Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Habari ya kina mama sijamwambia.

Yaya, kampuni hii itakua au haitakua? Nitume au nisitume? Na kina mama niwajibu nini, maana ukimnyima mtu bahati atasema ulimfichia?

Mama wa Paneli, Katuba

JIBU

Mama wa Paneli, mdogo wangu,

Nikikusikia vizuri, una pesa yako ndogo Ubelgiji ambayo imekwenda vizuri, una mdogo wako anayekuhimiza uongeze haraka, una kina mama watano wanaokukabidhi jasho lao, na una bwana aliyesema hapana kwa neno lililokuchoma. Swali la kampuni umeliweka mbele, kwa hiyo nami nitaanza nalo, ingawa nikisoma barua yako sidhani kama ndilo linalokunyima usingizi.

Umesema jua unaliona mlangoni kwako. Ni kweli, na wachache kati ya hao wanaobishana usiku kwenye kundi la mdogo wako wamewahi kuishika paneli mkononi. Lakini angalia mgongoni mwa zile unazouza. Nina hakika kubwa kwamba ni za silikoni na zimetoka China, kama karibu zote zinazopita Kasumbalesa. First Solar inatengeneza kitu kingine, tabaka jembamba la kadimiamu na teluriamu juu ya kioo, na wanunuzi wake wakubwa ni wenye mashamba ya umeme wa jua, zaidi huko Marekani. Mteja wako wa saluni hayuko kwenye vitabu vyao. Kwa hiyo foleni ya dukani kwako inakuambia mengi kuhusu Lubumbashi na kuhusu SNEL. Kuhusu First Solar na viwanda vyake vya Ohio, Marekani, inakuambia machache.

Tuchukulie hata hao wa China wanaokuuzia. Mwaka 2024 dunia ilifunga karibu gigawati 600 za paneli mpya, ambazo hazikuwahi kufungwa kwa wingi huo. Ungesema viwanda vilivuna. Mwaka huohuo LONGi, mmoja wa watengenezaji wakubwa kabisa duniani, alipata hasara ya zaidi ya yuan bilioni 8, na wenzake wakubwa kadhaa nao wakaandika hasara. Sababu ni ileile bei iliyomfurahisha fundi cherehani wako. Mwaka 2008 paneli ikitoka kiwandani ilikuwa na bei ya karibu dola 4 kwa wati moja. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa senti kama 10. Viwanda vilijengwa vingi kuliko wanunuzi, kila mmoja akashusha bei ili mashine zisilale. Paneli zinaongezeka, faida inayeyuka. Wewe umesimama upande wa mnunuzi wa jumla, ambako bei ikishuka unapumua. Mwenye hisa amesimama upande wa pili.

Historia ya biashara hii ina makaburi mengi, na mdogo wako angefanya vizuri kukutumia sauti kuhusu hayo pia. Suntech ya mji wa Wuxi, China, ilianzishwa 2001, ikaingia soko la hisa la New York mwaka 2005, mwanzilishi wake akawa tajiri wa kuandikwa magazetini, na kampuni ikafika kuwa mtengenezaji wa kwanza duniani. Machi 2013 ilishindwa kulipa deni la dola milioni 541. Solyndra ya Marekani ilikuwa na dhamana ya mkopo wa serikali wa dola milioni 535, ikafilisika 2011. Q-Cells ya Ujerumani, nayo iliyowahi kuwa ya kwanza duniani, ilianguka 2012 na kununuliwa na Wakorea. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoanguka kwa sababu watu walichoka na jua.

First Solar yenyewe haikuanguka, na hilo ni la kuheshimu. Lakini sikiliza safari yake. Iliingia sokoni Novemba 2006 kwa dola 20 hisa moja. Silikoni ilikuwa adimu na ghali wakati ule, wao hawakuihitaji, na mwaka 2008 hisa ilipita dola 300. Silikoni ikashuka bei, Wachina wakaongeza viwanda, na katikati ya 2012 hisa haikufika dola 15. Mwaka huo walitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 2,000 na kufunga kiwanda chao cha Ujerumani. Ilibidi kusubiri hadi Juni 2024 ndipo hisa ikagusa tena 300. Mtu aliyenunua kwa dola 300 mwaka 2008, kwa maneno yaleyale unayotumiwa wewe usiku, alikaa miaka kumi na sita ili aone pesa yake tu. Basi la Papa lilikufa mara moja; hisa inaweza kukuweka kituoni muda wote huo ukiambiwa inakuja.

Kuna hoja ya serikali ya Marekani kulipa kwa kila wati. Ni kweli. Sheria ya Agosti 2022 inampa mtengenezaji wa ndani punguzo la kodi, na kwa First Solar linafika karibu senti 17 kwa wati. Linganisha na zile senti 10 za paneli ya kawaida nilizokutajia, uone sehemu gani ya faida yao inatoka kiwandani na ipi inatoka bungeni. Malipo hayo yamepangwa kuanza kupungua 2030 na kwisha baada ya 2032. Bunge nalo lina siku zake: Juni 2025, rasimu moja tu ya sheria ya kodi ya maseneta ilipotoka, hisa ilipoteza karibu asilimia 18 kwa siku moja, na baadaye sheria ilipopitishwa ikaonekana kampuni hii haikuumia kama watu walivyoogopa. Wewe ulinunua Aprili, ukakaa, ukavuka salama. Je, siku ile ulijua kinachotokea, au ulikuwa unabishana na forodha?

Paneli zilizouzwa miaka mbele nazo zipo, mikataba yao inafika 2030. Ila mkataba ni ahadi ya mtu mwingine. Mwaka 2025 kampuni ilitangaza kuvunjika kwa mikataba ya zaidi ya gigawati 6 na mteja mmoja mkubwa. Fidia inadaiwa, sawa, lakini fidia unaijua: hata wewe mwenye kukopesha betri unajua tofauti ya deni na pesa.

Na hili la teluriamu, naona ndilo linalokugusa kwa sababu linatutaja sisi. Ni kweli teluriamu hupatikana pembeni ya shaba. Inabaki kwenye matope yanayokaa chini ya matangi pale shaba chafu inaposafishwa kwa umeme, na tangu 2022 kiwanda cha Kennecott, Utah, kinaichuja namna hiyo. Lakini sehemu kubwa ya shaba ya Katanga hutolewa kwa njia nyingine: mawe yanaloweshwa kwa tindikali, na shaba inavutwa moja kwa moja kutoka kwenye maji hayo hadi kuwa karatasi nyekundu zile tunazoona juu ya malori. Njia hiyo haiachi matope ya teluriamu. Muulize bwana yako, anayejua migodi, atakueleza vizuri kuliko sauti za Liège. Kukaa juu ya shaba hakutupi kiti katika kampuni hiyo, mdogo wangu. Ingekuwa hivyo Lubumbashi isingekatiwa umeme.

Usinielewe vibaya. Huenda mdogo wako yuko sahihi. Kampuni ina viwanda vinavyofanya kazi, ina wateja, imevuka misimu iliyowaua wengi, na njaa ya umeme Marekani ni ya kweli. Jambo linalonisumbua ni moja: yote anayokuambia usiku, wauzaji wa hisa wanayajua mchana. Yamo tayari ndani ya bei. Ili upate faida haitoshi kampuni ikue. Lazima ikue kuliko wengi wanavyotegemea, na hilo ndilo ambalo hata wenye ofisi za vioo New York hukosea. Ripoti ya robo mwaka inaweza kutoka nzuri na bei ikashuka kesho yake, kwa sababu watu walitegemea nzuri zaidi. Nawe angalia nani anaongea kwenye makundi hayo. Aliyenunua anaimba. Aliyeuza kwa hasara alishatoka kundini, husikii sauti yake.

Wewe hununui paneli kwa karatasi iliyobandikwa mgongoni. Unaitoa juani, unaweka multimeta. Kwa hisa hizi, multimeta yako iko wapi? Hadi sasa naona kipimo kimoja, kwamba 1,500 zilikuwa 2,500, na hicho ni kipimo cha miezi michache iliyofuata mwanguko. Huenda kuna vipimo vingine mdogo wako anavyo. Mwombe akueleze kwa sauti moja, bila kuitaja bei ya hisa, kampuni inapata faida kiasi gani bila punguzo la kodi, ina deni kiasi gani, na ni jambo gani likitokea yeye mwenyewe atauza. Hilo la mwisho ndilo nisingelisamehe likikosa jibu. Mtu anayejua kuingia na hajui kutoka bado hajafikiri.

Kuna jambo hukulitaja kabisa, na mimi limenishtua kuliko bei: hisa zako ziko kwa jina lake. Simshuku, nasema tu mambo yanayotokea kwa watu wema. Akigongwa na gari kesho, mbele ya sheria ya Ubelgiji hizo ni mali yake, zitakwenda kwa mke na watoto wake. Akiwa na deni, mdai wake hatauliza ni za nani. Akiachana na mkewe, zitahesabiwa. Kwa dola 1,500 ndugu wanaweza kumaliza kwa mazungumzo. Kwa 8,000 zako na 6,000 za wenzio, nani ataamini kwamba hazikununuliwa kwa mshahara wake wa ghalani Liège? Karatasi iliyoandikwa na kusainiwa na ninyi wawili, ikitaja hisa ngapi ni zako na lini zilinunuliwa, haimalizi hatari hiyo, ila inampa mjane na watoto kitu cha kusoma. Wengi wetu tunaona aibu kumwandikisha ndugu. Angalia kama aibu hiyo inakulinda wewe au haimlindi mtu.

Sasa kina mama. «Hatumjui mdogo wako, tunakujua wewe.» Umeliandika neno hilo kama sifa, na ni sifa. Lakini lisome tena ukiwa umekaa. Hawanunui First Solar. Hawajui inatengeneza nini. Wanakununua wewe. Siku hisa ikishuka nusu, na kampuni hii imeshuka zaidi ya hapo katika maisha yake, hawatampigia simu mtu wa Arizona, kwenye makao ya kampuni. Watakuja dukani, mbele ya wateja, na mama wa Kalebuka atakuwa na nyumba isiyo na paa. Wewe ungeweza kusema tusubiri itapanda. Yeye mvua haimsubiri.

Likelemba nayo ina msingi wake. Nguvu yake yote ni kwamba pesa inarudi kwa tarehe inayojulikana, kamili, hata kama haijazaa. Ukiigeuza kuwa kitu kinachopanda na kushuka, hata kikipanda, umebadilisha kilichowakutanisha. Na zamu ya mtu mmoja ikikwama Ubelgiji, atachangiaje zamu ya mwenzake? Sijui kama umewahi kuwauliza hao watano kila mmoja pesa yake ni ya nini na anaihitaji lini. Yule wa vitenge anaweza kuwa na jibu tofauti kabisa na yule wa nyumba. Huenda kwa mmoja wao ni pesa ambayo kweli haina kazi kwa miaka. Hapo mazungumzo ni mengine, na angeweza kuyafanya na mdogo wako uso kwa uso, kwa jina lake yeye, bila mkono wako katikati.

Umeogopa kwamba ukiwanyima watasema umewafichia bahati. Wanaweza kusema. Itauma wiki mbili, kisha mzigo mpya utaingia na watakuja kuulizia bei ya betri. Pia kuna hofu ya upande wa pili, ile ambayo hukuiandika, nayo haiishi kwa wiki mbili.

Njia zilizo mbele yako ni nyingi kuliko kutuma au kutotuma. Unaweza kuacha zile zilizoko zikae, uone mwenyewe mwaka mzima unavyojisikia zikipanda na zikishuka, kabla hujaongeza hata dola moja. Hatari yake ni kwamba bei inaweza kukimbia na mdogo wako akakukumbusha kila Krismasi. Unaweza kuuza kiasi cha zile 1,500 zako za kwanza zirudi mfukoni, faida ibaki huko icheze, na ukubali kwamba ikikua sana utatamani ungeacha zote. Unaweza kuongeza, lakini kutoka faida ya duka, si mtaji, kiasi ambacho kikipotea chote mzigo wa Kasumbalesa bado unalipwa. Kuna watu watakaokuambia ununue mfuko wenye kampuni nyingi za jua badala ya moja. Ni busara kwa sehemu, ila ujue mfuko unaojulikana kuliko yote, TAN, ulikuwa zaidi ya dola 100 mwanzoni mwa 2021 na mapema 2025 ulikuwa karibu 30. Wingi wa mayai haukusaidia, yote yalikuwa ya kuku mmoja.

Na unaweza kuziweka 8,000 hizo dukani. Hilo nashangaa halimo kwenye barua yako hata kwa mstari mmoja. Ungeuza nini zaidi ukiwa na mtaji huo? Umeandika mzigo haumalizi wiki; maana yake kuna wateja wanaoondoka mikono mitupu. Duka nalo lina hatari zake: bei ikishuka tena, paneli ulizonunua ghali zinakukalia, njia ikifungwa mpakani unalia, na pesa yote inakuwa Lubumbashi, mahali pamoja. Mtu anayetaka kuweka kidogo nje ya nchi si mjinga. Lakini dukani unajua kupima, na saa ya kuuza unaijua bila kuambiwa.

Nifike kwa bwana yako. Neno alilosema ni la kuumiza, na ningependa ajue hivyo, si kwa ugomvi, kwa kumwambia tu. Wale walioondoka Gécamines 2003 na 2004 walikuwa zaidi ya 10,000. Hawakuwa watu wa pesa ya mara moja. Walikuwa wafanyakazi waliokaa miezi na miezi bila mshahara, wakapewa fungu wakaambiwa jitegemeeni, bila mtu wa kuwaonyesha namna. Papa wako alinunua basi kwa sababu aliona abiria wamejaa barabarani, na kweli walikuwepo. Huwezi kumlaumu kwa kuona vizuri. Abiria hakuwakosa, gari ndilo lililomwangusha.

Lakini jiulize, kwa upole, kama sehemu ya hizo 8,000 si jibu kwa neno la bwana yako. Nimewahi kusoma barua nyingi ambamo pesa ilitumwa ili mtu fulani aone. Kama ndivyo, hata ukipata faida bado hutakuwa umejibiwa. Na kama sivyo, kama ungetuma hata asingesema lile neno, basi hapana yake ijadiliwe kama hapana ya mtu mwenye haki katika nyumba: ana hofu gani hasa, ya kampuni, ya mdogo wako, au ya mtaji wa duka kuguswa? Hizo ni hofu tatu na kila moja ina jibu lake. Huenda angekubali 2,000 na kukataa 8,000. Hujamuuliza.

Habari ya kina mama aipate kwako kabla hajaisikia sokoni. Akishuka kutoka Kolwezi mwisho wa mwezi, mwache ale, apumzike, kisha mfungulie daftari la likelemba na ile simu yenye sauti za Liège, vyote pamoja. Na ukiamua kuzungumza na wale watano, waite siku moja wote, mpigie mdogo wako simu ya video, na maswali yaende kwake moja kwa moja. Wewe kaa upande wa kina mama.

Ripoti ya robo mwaka itatoka tu. Baada yake kuna nyingine, miezi mitatu mbele. Uniandikie baada ya mazungumzo na bwana, unieleze alisema anaogopa nini.

Yaya wako